Miale ya Nuru na Mnunuzi wa Kadi Iliyokwisha Tumika

Kila chombo kipya huja sokoni sifa zake zikitangulia, na ila zake zikifuata nyuma polepole. Mwenye fedha nyingi aweza kununua sifa, na ila zikionekana akanunua chombo kingine. Lakini mwenye fedha chache hununua mara moja, tena aghalabu hununua kitu kilichokwisha tumiwa na mwingine, kisicho na dhamana wala njia ya kurudishwa. Mtu wa namna hii hana ngao ila maarifa yake. Ndiyo maana yafaa tuchunguze, kwa njia ya historia, swali moja linaloulizwa sana na vijana wenye kompyuta: mtu akitaka kununua kadi ya michoro iliyokwisha tumika, je, yampasa kujali kama kadi hiyo yaweza kufuata miale ya nuru, au uwezo huo ni pambo tu la kupandisha bei?

Kwanza tufahamu maana ya maneno yenyewe. Kadi ya michoro ni kibao chenye mitambo midogo, nacho hupachikwa ndani ya kompyuta ili kuchora picha zionekanazo kwenye skrini. Kila picha imegawanyika katika nukta ndogo sana. Skrini ya kawaida ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani nukta 2,073,600 kwa jumla. Na mchezo ukitakiwa uonekane laini, picha nzima huchorwa upya mara 60 katika kila sekunde. Kwa hiyo kadi hupaka rangi nukta zaidi ya milioni 124 kwa sekunde moja.

Kazi kubwa namna hiyo ilihitaji njia ya mkato. Kwa miaka mingi vitu vyote vya mchezo, nyumba, miti na watu, viliundwa kwa pembetatu ndogo ndogo; kadi ikaziweka pembetatu hizo juu ya skrini, ikizificha zile zilizo nyuma ya nyingine. Njia hii ni ya haraka, lakini haijui nuru. Kivuli cha mti, ukuta unaopokea wekundu wa zulia, sura ya mtu katika maji, yote hayo yalibidi yatengenezwe kwa hila. Wasanii walipaka nuru mapema juu ya kuta, wakachora vivuli kwa kukisia, wakaweka picha ya bandia ndani ya kioo. Kufuata miale ni kinyume cha hayo. Hapo mashine huishika kila nukta na kuuliza: nuru iliyofika hapa imetoka wapi? Kisha huufuata mwale kinyumenyume, toka jichoni mpaka kwenye kitu, toka kwenye kitu mpaka kwenye taa au jua. Mwale ukizuiwa njiani, pana kivuli. Ukigonga kioo, hurudishwa, nao hufuatwa tena. Picha ipatikanayo hukaribia kweli, kwa sababu imefuata kanuni ile ile ambayo nuru yenyewe huifuata.

Wazo hili si la jana. Ibn al-Haytham, mtaalamu aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965, aliandika huko Kairo kitabu kikubwa juu ya kuona, akieleza kwamba nuru huenda kwa mistari iliyonyoka na kwamba twaona kwa kuwa nuru hutoka katika vitu ikaingia machoni. Mwaka 1525 Albrecht Dürer, mchoraji wa Ujerumani, alichapisha kitabu cha vipimo chenye picha ya watu wawili wakichora ala ya muziki kwa msaada wa uzi. Uzi huo ulifungwa ukutani, ukapita katika fremu, ukafika kwenye ala. Na mahali ulipokatiza fremu ndipo palipotiwa nukta. Uzi ule ulikuwa mwale, na fremu ile ilikuwa skrini, ingawa kompyuta ilikuwa bado haijazaliwa kwa miaka zaidi ya 400.

Mwaka 1968 Arthur Appel wa kampuni ya IBM alionyesha jinsi kompyuta iwezavyo kufuata miale ili kujua vitu vipi vyaonekana na vipi vimo kivulini. Baadaye Turner Whitted wa Bell Labs alionyesha mwaka 1979, na kuchapa mwaka 1980, njia ya kuufuata mwale hata baada ya kurudishwa na kioo au kupenya kitu kiangavu. Picha yake ya tufe mbili zikielea juu ya sakafu ya mirabaraba yajulikana mpaka leo. Lakini picha moja ya namna hiyo iliichukua mashine ya wakati ule zaidi ya saa moja. Wenye filamu waliweza kuvumilia, maana mtazamaji wa filamu haoni saa zilizotumika kuichora. Na filamu ya Cars ya mwaka 2006 ilitumia njia hii kwa wingi ili miili ya magari ing'ae kama magari ya kweli. Mchezo wa kompyuta haungojei. Unataka picha kabla sehemu ya sitini ya sekunde haijapita.

Basi tarehe 20 Septemba 2018 kampuni ya NVIDIA ilianza kuuza kadi za RTX 2080, ambazo ndani yake mlikuwa na sehemu maalumu za kutafuta mahali mwale unapogonga pembetatu. Matangazo yalikuwa makubwa, na bei pia. Kadi ya juu ya ukoo huo, RTX 2080 Ti, iliuzwa na kampuni yenyewe kwa dola 1,199. Walakini siku kadi hizo zilipoingia madukani hapakuwa na mchezo hata mmoja ulioweza kutumia uwezo huo mpya. Wa kwanza ulikuwa Battlefield V, mwezi Novemba mwaka ule; na wachezaji walipoiwasha miale waliona kasi ikishuka, pengine mpaka chini ya nusu, hata kwenye kadi ya bei kubwa kabisa. Marekebisho yaliyokuja Desemba yalipunguza hasara hiyo, lakini wengi walikuwa wamekwisha toa hukumu. Waliuzima uwezo ule wakacheza kama zamani. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na mnunuzi wa mwaka 2018 aliuelewa msemo huo kwa mfuko wake.

Kama tungeishia hapo, jibu la swali letu lingekuwa rahisi: usijali miale, nunua kasi. Na kwa kweli hilo ndilo jibu walilolitoa watu wengi kwa miaka kadha, wala hawakukosea kwa wakati wao. Lakini mwanafunzi wa historia hatosheki na tukio moja. Huuliza kama jambo la namna hii limepata kutokea zamani, na mwisho wake ulikuwaje.

Lilikwisha kutokea. Mwaka 2004 kampuni mbili zilishindana kwa kadi mbili kubwa. Mwezi Aprili NVIDIA ilitoa GeForce 6800. Mwezi Mei kampuni ya ATI, ambayo AMD iliinunua mwaka 2006, ilitoa Radeon X800. Kwa kasi kadi hizi ziligawana ushindi: mchezo huu uliipenda moja, mchezo ule uliipenda nyingine. Tofauti kubwa ilikuwa katika kanuni za kuzitia nukta rangi. GeForce 6800 ilifahamu kanuni mpya zilizoitwa Shader Model 3.0, na Radeon X800 haikuzifahamu. Wakati ule michezo iliyozitumia ilikuwa michache mno, na mtu aliyesema kwamba tofauti hiyo haina maana alikuwa na ushahidi mkononi.

Ndipo ukaja mwezi Agosti 2007, na mchezo wa BioShock. Mchezo huo, kwa jinsi ulivyouzwa, ulidai Shader Model 3.0. Mwenye GeForce 6800 aliweza kuuanzisha, ingawa kadi yake ilikuwa imezeeka. Mwenye Radeon X800, ambaye mwaka 2004 alikuwa na kadi yenye nguvu sawa, alifungiwa mlango. Kadi yake haikuwa imepungua nguvu. Ilikosa ufunguo.

Sasa tazama jambo lililotokea miaka 15 baada ya mashindano yale ya mwaka 2004. Mwezi Julai 2019, katika wiki moja, zilitoka kadi mbili za bei moja. AMD ilitoa RX 5700 XT kwa dola 399, na NVIDIA ikatoa RTX 2060 Super kwa dola 399. Zote mbili zilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 8. Katika michezo ya kawaida RX 5700 XT kwa jumla ilitangulia, ingawa ilitumia umeme zaidi, wati 225 kwa wati 175 za mwenzake. Lakini RTX 2060 Super ilikuwa na sehemu za kufuata miale, na RX 5700 XT haikuwa nazo. Washauri wengi walisema chukua iliyo na kasi, kwa kuwa miale ni pambo.

Mwezi Mei 2021 ilionekana dalili ya kwanza: mchezo wa Metro Exodus ulitolewa kwa toleo jipya lililodai kadi yenye sehemu za miale, ingawa toleo la zamani liliendelea kuwapo kwa wasio nazo. Mwezi Desemba 2024 dalili ikawa sheria. Mchezo wa Indiana Jones and the Great Circle ulitoka ukiwa na toleo moja tu, na mahitaji yake ya chini kabisa yalikuwa kadi yenye uwezo wa miale. Iliyotajwa kwa upande wa NVIDIA ilikuwa ile ile RTX 2060 Super. Mwezi Mei 2025 mchezo wa Doom: The Dark Ages ukafuata njia hiyo. Ile RX 5700 XT iliyokuwa na kasi zaidi ilibaki nje ya mahitaji rasmi. Ni kweli kwamba mara zote mbili, mwaka 2007 na baada ya 2024, mafundi wa kujitolea walitafuta mlango wa uani ili kadi zilizoachwa ziweze kuingia. Lakini mnunuzi mwenye busara hanunui nyumba kwa kutegemea mlango wa uani.

Kwa nini mambo haya yalirudiana? Hapa ndipo penye funzo lenyewe. Mtengenezaji wa mchezo hapendi kufanya kazi moja mara mbili. Maadamu wanunuzi wake wengi hawana uwezo mpya, humlazimu kutengeneza nuru kwa njia ya zamani, na ile njia mpya huiongeza juu yake kama kitoweo. Siku wanunuzi wengi wanapokuwa nao, huiacha njia ya zamani, kwani kupaka nuru mapema juu ya kila ukuta ni kazi ya miezi. Na kinachowapa wanunuzi wengi uwezo mpya kwa pamoja si kadi za bei kubwa, bali ni mashine za michezo za nyumbani. Xbox 360 ilitoka Novemba 2005, na mashine za namna hiyo ndizo zilizoufanya ufundi wa mwaka 2004 kuwa wa kawaida. BioShock ukaja baada ya miaka isiyotimia miwili. PlayStation 5 na Xbox Series X zilitoka Novemba 2020 zikiwa na sehemu za miale. Indiana Jones ukaja baada ya miaka 4. Basi tarehe ya kuangalia si ile siku ambayo uwezo umetangazwa kwa tarumbeta. Ni ile siku ambayo mtengenezaji anaweza kuwaacha wasio nao bila kupoteza fedha.

Hata hivyo tusikimbilie upande wa pili na kusema kwamba kila kadi yenye miale ni kadi njema. Kuwa na ufunguo ni jambo moja, na kuwa na nguvu za kutembea ndani ya nyumba ni jambo jingine. RTX 2060 ya kwanza, iliyotoka Januari 2019, ina sehemu za miale, lakini ina gigabaiti 6 tu za kumbukumbu. Michezo miwili tuliyoitaja ilidai gigabaiti 8. Kwa hiyo kadi hiyo ina ufunguo, na bado haitimizi masharti. RX 6600 ya AMD, iliyotoka Oktoba 2021, ina gigabaiti 8 na sehemu za miale, na imetajwa katika mahitaji ya chini ya michezo yote miwili. Lakini mchezo ukimpa mchezaji hiari ya kuiwasha miale mingi kwa uzuri tu, kadi hiyo huchoka upesi. Mwenye RX 6600 hana budi kuuhesabu uwezo wake kuwa ruhusa ya kuingia, si fahari ya kuonyesha wageni. RTX 3060 ya Februari 2021, yenye gigabaiti 12, imewafaa wengi kwa sababu ndani yake ufunguo na kumbukumbu hukutana, ingawa nayo si mbio kuliko zote.

Tugeukie sasa soko lenyewe. Kadi zilizokwisha tumika huja kwa njia nyingi. Kati ya mwaka 2020 na 2022 kadi zilikuwa adimu duniani, na nyingi zilinunuliwa na watu waliozitumia usiku na mchana kuchimba sarafu za mtandaoni. Tarehe 15 Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha njia ya uchimbaji, na kadi nyingi zikamwagwa sokoni kwa mara moja. Kadi ya namna hiyo huenda ni nzima, lakini feni zake zimezunguka sana na mafuta yake ya kupitishia joto huenda yamekauka. Basi mnunuzi, awe katika maduka ya Barabara ya Luthuli jijini Nairobi au mahali pengine po pote, yampasa aione kadi ikifanya kazi chini ya mzigo kwa muda, asikilize feni, na atazame kama picha yatetemeka au inatoa madoa. Miale haina faida katika kadi iliyokufa.

Yampasa pia asidanganyike kwa majina. GTX 1660 Super ya Oktoba 2019 ilitoka baada ya RTX 2060, lakini haina sehemu za miale. Upya wa tarehe si ushahidi. Tena mwezi Aprili 2019 NVIDIA iliziruhusu baadhi ya kadi zake za GTX kupiga hesabu za miale bila sehemu maalumu, na kasi yake ikawa duni mno. Muuzaji akisema kwamba GTX yake nayo yaweza miale, huenda hasemi uwongo, lakini hajasema kweli yote. Na kabla ya kulipa, mnunuzi aulize kama mtambo wa umeme wa kompyuta yake waweza kuilisha kadi hiyo. Kadi bora isiyopata umeme wa kutosha ni mzigo tu.

Kisha ajiulize yeye mwenyewe atafanya nini nayo. Ipo michezo mingi mikubwa isiyodai miale kabisa. Counter-Strike 2, uliotoka Septemba 2023, ni mmoja wao. Kijana ambaye hupenda michezo ya namna hiyo tu, akapata kadi nzima isiyo na miale kwa bei ya chini sana, hana sababu ya kujuta. Lakini yuko kijana mwingine anayetaka kujifunza kutengeneza picha za filamu kwa programu ya Blender, ambayo hutolewa bure. Programu hiyo huchora kwa kufuata miale, na tangu toleo lake la 2.81, la Novemba 2019, imeweza kuzitumia sehemu za miale za kadi za RTX ili kuharakisha kazi. Kwa kijana huyo uwezo huu si pambo hata kidogo. Ni saa za maisha yake zinazookolewa.

Tukusanye basi tuliyoyaona. Mnunuzi aanze na uzima wa kadi, kisha kumbukumbu, kisha kasi na umeme. Miale haiwezi kuyashinda hayo. Lakini kadi mbili zikikaribiana kwa hayo yote, moja ina sehemu za miale na nyingine haina, na tofauti ya bei ni ndogo, achukue iliyo nazo, hata kama leo hana mchezo unaozidai. Mwaka 2018 uwezo huu ulikuwa kipya kinyemi. Tangu mwisho wa mwaka 2024 umekuwa akiba, na wahenga walisema akiba haiozi.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko kadi. Waliosema mwaka 2004 kwamba kanuni mpya hazina maana, na waliosema hivyo juu ya miale mwaka 2019, walikuwa watu werevu waliopima vizuri kile kilichokuwa mbele yao. Walipima kasi ya siku ile. Hawakuuliza ni nani mwenye faida katika kuiacha njia ya zamani, wala ni lini atakapoweza kuiacha. Swali hilo halina kipimo madukani, na hakuna tangazo lililoandika jibu lake. Lakini mtu aliyesoma habari za mwaka 2007 angeweza kulijibu kabla ya mwaka 2024. Mwenye kununua kwa shilingi zilizokusanywa kwa jasho la wazazi anastahili kuuliza swali hilo kila mara, juu ya kadi na juu ya kitu cho chote kingine atakachouziwa kwa jina la upya.